Kipenga Kabla ya Shikamoo

Katika miaka ya themanini baraza la mji wa Malindi liliamua kuwa mji umechafuka na dawa yake ni mimi. Sisemi peke yangu. Tulikuwa vijana tisa, tukapewa kaptura za khaki, kofia, kitambaa cha kijani cha kufunga mkononi, na kipenga kila mmoja. Tukaitwa maaskari wa usafi. Kazi yetu ilikuwa kumkamata anayetupa maganda njiani, anayemwaga maji ya samaki uchochoroni, na hasa anayetema mate ya tambuu, kwa kuwa wageni wa mahoteli walikuwa wakiona yale madoa mekundu kwenye kuta na kuuliza nani kachinjwa hapo. Hatukuwa na amri ya kumfunga mtu. Adhabu tuliyoruhusiwa kutoa ni moja: uliyechafua utasafisha mwenyewe, papo hapo, watu wakikutazama.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na miguu miembamba isiyostahili kaptura. Hilo halikunizuia kujiona. Mama aliipiga pasi kaptura ile mpaka ikaweza kusimama bila mimi. Nilitoka nyumbani, mtaa wa Barani, nikitembea katikati ya njia, na siku nisipoona taka nilisikitika kidogo.

Karibu na kwetu palikuwa na shule ya chekechea, na mwalimu wake alikuwa msichana niliyempenda hasa, penzi la kumfanya mtu asahau kula. Zamu yangu ilikuwa sokoni, lakini kila asubuhi nilipata udhuru wa kuukagua ua wa shule yake mara tatu. Siku moja akaniambia, "Bwana askari, uchafu wote wa Malindi umehamia kwetu?" Nikainama nikaokota jani. Akacheka. Baada ya miezi kadhaa ya kuokota majani, aliniruhusu nimtume mjomba wangu kwao. Yeye ameridhia, alisema, ila kwao halifanyiki jambo bila ya bibi yake anayekaa mji wa kale.

Bibi huyo sikuwahi kumwona. Ndivyo nilivyodhani mpaka siku ya posa.

Mjomba alipokuwa akijitayarisha kwenda, mimi nilipangiwa zamu mitaa ya mji wa kale. Nikapinda kona, nikamwona bi kizee ameketi dakani, pale mlangoni mwa nyumba yake, kijaluba cha tambuu mapajani. Akageuza shingo, akatema. Mate yakatua katikati ya njia, mekundu, mazito. Nikapuliza kipenga kwa nguvu zangu zote, na nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwake. Majirani wakatoa vichwa madirishani.

"Hata kuniamkia hukuniamkia," akasema. "Wanipulizia kipenga, kwani mimi mpira, nimetoka nje?"

Mtu mwenye akili angelisema shikamoo hapo hapo na kwenda zake. Mimi nilimwambia sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Akaingia ndani, akatoka na ndoo ya maji na fagio. Akajifunga buibui vizuri, akainama, akaisugua njia mwenyewe, umri ule. Nami nimesimama nimekunja mikono. Jioni niliwaigizia wenzangu alivyoinama, tukacheka sana.

Mjomba alirudi kutoka kuposa na jibu lisilo la kawaida. Kwetu mwenye kuoa hajiposei. Husemewa na wakubwa zake. Lakini bibi alitaka kumwona kijana mwenyewe. Mama alinung'unika kuwa hayo ni mambo mapya, kisha akanipigia pasi kanzu. Ijumaa baada ya swala tukaenda, mjomba mbele, mimi nyuma, na kila kona tuliyopinda nilizidi kuitambua. Tulipofika kwenye lile daka, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Shikamoo bibi," nikasema kabla hata ya kuvua viatu.

"Marahaba, mwanangu. Leo wajua kuamkia."

Alitukirimu kupita kiasi. Ikaja kahawa, ikaja halua, ikaja sinia ya tambuu. Mgeni wa posa hakatai tambuu, na yangu aliitengeneza kwa mkono wake: jani, chokaa, popoo, katu, na tumbaku ya kutosha kumlaza punda. Mimi sikuwa mtafunaji. Nikatia kinywani. Mate yakaanza kujaa, kichwa kikaanza kuzunguka, nikalitafuta kwa macho lile kopo la kutemea lisilokosekana katika nyumba ya mzee atafunaye. Halikuwapo.

"Kopo limetoboka, nimelitupa," bibi akasema. "Na nje mwatukataza. Siku hizi twatafuna, twameza. Haya niambie, mwanangu, wampenda mjukuu wangu?"

"Mmmh," nikasema.

"Utamtunza?"

"Mmmh."

Mjomba alinikanyaga mguu ili niseme maneno ya watu wazima. Ningelifungua mdomo ningelipaka rangi jamvi zima.

Nikainuka, nikaonyesha kwa kidole kuwa natoka kidogo, nikapita uani mpaka uchochoro wa nyuma. Palikuwa na ukuta wa jirani, ndio kwanza umepakwa chokaa. Nikatazama kulia. Nikatazama kushoto. Hapakuwa na mtu. Nikautemea ukuta ule yote niliyokuwa nayo, nikasukuma mchanga kwa mguu kufunika yaliyodondoka chini, nikajipangusa mdomo, nikarudi ndani na sauti yangu. Nikayaeleza mapenzi yangu kwa ufasaha mkubwa. Bibi alisikiliza ameinamisha kichwa, mabega yakimtikisika. Nilidhani analia kwa furaha.

Siku ya tatu jibu likaja: posa haikukubaliwa. Sababu haikutajwa. Nilimsema bi kizee yule wiki nzima, nikamwita mwenye kinyongo, nikaapa kuwa ananilipizia kisasi cha fagio. Kisha nikaenda shuleni, nikamwita mwalimu langoni, nikamwambia asijali, nitarudi kwa bibi yake nimpigie magoti, nimwombe radhi.

"Bibi hana neno nawe," akasema. "Mlipoondoka alicheka mpaka akapaliwa. Aliniambia nikutwae, kijana huyu atatuchekesha miaka mingi. Aliyekataa ni mimi."

Nikamuuliza kosa langu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha.

"Nilikuwa juu kwa bibi, dirisha la nyuma. Kutema si kitu, tumbaku ile hata baba haiwezi. Lakini nilikuona ukitazama huku na huku kwanza. Halafu ukarudi ndani ukazungumza vizuri vile, kama hapakuwa na jambo. Nikajiuliza, mtu huyu, mlango ukishafungwa tukabaki wawili, atakuwaje?"

Niliumia, tena sana, kwa sababu nilitafuta jibu nikiwa nimesimama pale na sare yangu, sikulipata. Akaingia darasani. Nikawasikia watoto wakimwamkia kwa pamoja.

Nilioa miaka kadhaa baadaye, Kilifi. Mke wangu hajawahi kuniuliza swali lile. Mlango ukifungwa, mimi hulijibu hata hivyo, na siku nyingine najibu vibaya.