Shangazi Tochi na Wimbo wa Mashuka

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Neno likitaka kutoka linakwama mlangoni, analisukuma hadi mishipa ya shingo inamsimama, na mara nyingi wenzake walimmalizia sentensi, tena walimalizia sivyo. Shuleni walimcheka mpaka akaona heri anyamaze. Bibi ndiye aliyekuwa akimtetea. "Ulimi wake unajikwaa," alisema, "lakini haujamwangusha mtu. Nyinyi wenye ndimi laini mmeangusha wangapi?"

Alipokua akapata kazi ambayo ungedhani ilikatwa kwa kipimo chake: kuonyesha watu viti katika ukumbi wa sinema. Unapokea tiketi, unamulika ngazi, unamulika safu, unamulika kiti. Anayepiga soga wakati wa picha unammulika usoni mpaka aone haya. Tochi ilimsemea kila kitu. Watu wakamwita Tochi, na jina likamkaa.

Basi ukaja ule wimbo. Ulitangulia redioni, kabla ya picha yenyewe kufika. Ngoma zake hazikuwa za ngozi wala za mkono wa mtu. Zilikuwa za mashine, zinagonga sawasawa kama moyo wa mtu aliyepanda ngazi mbio. Juu yake vinanda vya umeme, sauti zake zinameta, sijui nisemeje, kama mtu anayegongagonga glasi kwa kijiko. Halafu mwanamke anaingia kuimba. Mtaani kwetu hakuna aliyeijua lugha yake, lakini kinyozi aliuimba, washonaji waliuimba, wauza duka waliuimba, kila mmoja kwa maneno aliyojitungia na kuyaapia kuwa ndiyo yenyewe.

Picha ilipofika, foleni ilizunguka jengo. Ilikuwa habari ya binti anayefanya kazi kwa dobi mkubwa, anajifunza kudansi peke yake, kwa siri. Katikati ya picha wenzake wanaondoka kazini, anabaki na mashuka mabichi yaliyoanikwa toka ukuta hadi ukuta. Anavua viatu. Anatazama mlango. Anainua mguu, na hapo ndipo wimbo unapoanza.

Shangazi aliusikia kila onyesho, huku mgongo ameipa picha, maana macho yake yalitakiwa kwa watu. "Mara ya kwanza ni-nilishika ukuta," aliniambia. "Ukuta ulikuwa unatetemeka. Nikawaza, hiki kitu kimetengenezwa na mwa-mwanadamu? Basi mwanadamu ni kitu gani?"

Nyumbani aliuimba akiwa anaoga, mlango ameukomea. Alipoimba hakukwama hata kidogo. Jambo hilo lilimtisha kuliko kumfurahisha, akalificha.

Jumapili moja alasiri ukumbi ulijaa hadi pomoni. Binti wa kwenye picha akaanika shuka la mwisho, akavua viatu, akatazama mlango. Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Akainua mguu, akaushusha.

Kimya.

Mashuka yanapepea, nywele zinaruka, nyayo zinapiga sakafu, na hakuna hata mlio. Juu, katika chumba cha mashine, balbu ndogo inayosoma sauti kwenye ukanda wa filamu ilikuwa imeungua. Fundi wa mashine alikuwa mtu mpole ambaye watazamaji walimjua kwa macho tu, yakichungulia kwenye kidirisha. Alikuwa na mambo mawili ya kuchagua. Asimamishe picha, ukumbi uwe giza na watu wavunje viti, au aiache iende huku akihangaika na balbu ya akiba. Akaiacha iende.

Chini miluzi ikaanza. "Fundi! Sauti!" "Amelala huyo!" Jamaa mmoja wa safu za mbele alishang'oa mto wa kiti na alikuwa anatafuta pa kuurusha.

Shangazi alikuwa kwenye njia ya katikati, peke yake, na tochi yake. Kwa mara ya kwanza siku hiyo aligeuka akatazama picha. Ndipo alipogundua kwamba yeye wimbo anausikia. Ulikuwa haujakatika kichwani mwake; ulikuwa unaendelea, na ulikuwa mahali pale pale alipokuwa yule binti. Akaielekeza tochi darini. Akawasha, akazima, akawasha, akazima, kwa mapigo ya zile ngoma za mashine. Watu wakatazama juu. Naye, aliyelipwa ili kuwanyamazisha wengine, akafungua mdomo akaimba.

Sauti ilitoka nzima. Haikukwama popote.

Wanawake wa safu ya karibu wakaudaka wimbo. Vijana wa mbele wakaanza kupiga migongo ya viti, hizo zikawa ngoma. Wa safu za nyuma wakachukua vinanda: dii-di-duu, dii-di-duu. Meneja, mtu mkali asiyejua utani, aliingia mbio, mikono juu, kuja kuwatuliza watu, akajikuta yuko katikati ya dii-di-duu, tai imemrukia begani. Maneno yalikuwa mamia, hakuna wawili waliosema neno moja, lakini wimbo ulikuwa mmoja. Na binti wa kwenye picha aliwachezea wao. Akiruka wanapanda naye, akitua wanatua. Yule jamaa wa mbele aliukumbatia mto wake kifuani, anaimba amefumba macho.

Juu fundi alikuwa anabadilisha balbu huku mashine inazunguka, vidole vinamwungua. Alisikia ukumbi ukiimba akadhani sauti imerudi yenyewe. Akatazama balbu mkononi mwake, bado hajaitia. Akaitia.

Na sauti ya yule mwanamke ikarudi ndani ya wimbo pale pale walipokuwa. Pigo lile lile, noti ile ile, pumzi ile ile, kama mtu aliyekuwa akiimba nao muda wote katika chumba cha pili, sasa amefungua mlango.

Hakuna aliyeshangilia. Watu walinyamaza ghafla, midomo wazi, wengine wameshika vichwa. Mama mmoja alikaa chini kwenye ngazi akawa anafuta machozi kwa kanga yake. Wimbo ukaenda peke yake kidogo, kisha mmoja akarudi, na mwingine, wakaumaliza pamoja naye polepole, kwa adabu.

Taa zilipowashwa mwisho wa picha, watu hawakutaka kutoka. Jamaa wa mbele alimjia shangazi, akamrudishia mto kwa mikono miwili.

"Dada, ile sauti ya kwanza ilikuwa yako?"

Shangazi akataka kujibu. "Nd... nd..." Neno likakwama pale pale linapokwama siku zote. Watu walikuwa wamemzunguka, na hakuna aliyemmalizia. Walingoja.

"Ndiyo," akasema.

Fundi naye akashuka, vidole amevifunga kwa leso iliyolowa. Akasimama mbele yake, akawa yeye mwenye kigugumizi.

"Ume... mimi nilikuwa... hivi uliwezaje?"

"Si-sijui," shangazi akasema. "Na vi-vidole vyako?"

Hawakukawia kuoana. Bendi moja ya mjini ilimwomba shangazi akawaimbie, akakataa. Alisema ukumbi mmoja unamtosha. Kigugumizi hakikuondoka. Kilichoondoka ni woga. Tangu siku hiyo aliongea sokoni, aliongea kwenye mikutano ya mtaa, akikwama anatulia, na watu wakajifunza kutulia naye. Ukumbi wenyewe siku hizi ni ghala la magodoro.

Nimeshawauliza mara nyingi, wameketi wote wawili barazani, sauti iliwezaje kurudi kwenye pigo lile lile.

"Binti alikuwa anatuongoza kwa miguu yake," husema shangazi.

"Miguu peke yake?" fundi humjibu. "Nimeishi na mashine ile, naijua kila skrubu. Watu mia kadhaa, hakuna aliyewafundisha, wasipotee hata nusu ya pigo? Hapana, mwanangu. Hilo mpaka leo silijui." Na hutikisa kichwa, mzee mzima, macho yameng'aa kama ya mtoto.

"Wewe ku-kunywa chai yako," shangazi humwambia, "i-inapoa."