Tajiri, Maksai wa Upande wa Kulia

Tarehe 8 Julai 2023, Machibya Manyanda wa Ilembo alishinda kwa mara ya pili mfululizo mbio za mikokoteni ya ng'ombe za kata yake. Sultani alivuta kushoto, Tajiri kulia.

Mwaka uliofuata akashika nafasi ya tatu. Mwaka huu akawa wa mwisho, Tajiri akivutia pembeni kama dume lililofungwa nira jana. Machibya alimchapa njia nzima, watu wakicheka. Msimu wote wa kulima alikuwa amemchapa kwa kosa hilo hilo.

Nyumbani hapakuwa na malisho ya kufuga maksai asiyevuta. Asipopata shamba jingine, Tajiri angekwenda kwa mchinjaji, na Machibya hakutaka kumla mnyama aliyemfundisha mwenyewe. Jirani yake Nashon, aliyetaka kununua maksai, akaja kumtazama. Mnadani watu hawanunui maksai wa jembe kabla Machibya hajampima, hivyo Nashon hakutafuta mshauri mwingine.

"Mzee, sema kweli. Si ndiye huyu aliyekuaibisha juzi?"

"Uvivu tu. Kwato safi, mabega safi, pumzi ipo. Ana miaka minne ya kazi mbele."

"Uvivu kama wako wa palizi?"

Hana, mke wa Machibya, alicheka, kisha akatua ndoo ya maji. "Mwambie na habari ya ndoo, Baba Kija."

"Ndoo gani?" Machibya aliuliza.

"Tangu masika, nikiiweka kushoto kwake anaipiga teke. Nikiiweka kulia anakunywa vizuri. Nilikuambia. Ukasema mambo ya ng'ombe nikuachie wewe."

Machibya alipeleka mkono kwenye jicho la kushoto la Tajiri, polepole, kisha kwa ghafla. Tajiri hakupepesa. Juu ya mboni palikuwa na utando wa kijivu, mwembamba kama wa maziwa yaliyopoa.

Maksai wa kulia humfuata mwenzake kwa jicho la kushoto. Tajiri alikuwa hamwoni Sultani, na kila alipojaribu kumtafuta alikutana na fimbo.

"Basi mzee, nitatafuta mwingine," Nashon alisema. Safari hii hakutania.

Ilibaki njia moja: kumhamishia kushoto, ili jicho zima limwone mwenzake. Machibya alijaribu siku tisa. Kila asubuhi Tajiri alizunguka nyuma ya Sultani, akasimama kulia alikofundishwa miaka saba iliyopita, akainamisha shingo kusubiri nira. Machibya alimsukuma kwa bega, akamvuta kwa kamba, akambembeleza kwa Kisukuma. Siku ya tisa alikaa chini shambani.

"Ng'ombe za watu wote nimezipima," alimwambia mkewe.

Hana alifungua kamba za nira, akawapeleka maksai wote wawili kunywa maji.

Jumamosi Tajiri atauzwa mnadani. Machibya atamswaga mwenyewe, na mnunuzi akiuliza, atamwambia ni jicho la kushoto.