Nyumba Zilizochorwa kwa Mkaa

Kabla sijaona kitu nilisikia mkaa ukikwaruza karatasi, mikwaruzo mingi kwa pamoja, kama kuku wanaochakura kwenye mawe ya volkano. Nikasukuma mlango wa darasa, katika mtaa wa Majengo, kwenye shule ya msingi ambamo watu waliokimbia vita walikuwa wanalala kwa majuma matatu. Akina mama kama ishirini walikuwa wameinama sakafuni, wanachora. Profesa wangu wa historia ya sanaa alipita kati yao polepole, miguuni ana soksi tu. Viatu aliviacha nje, maana darasa lile ndilo lilikuwa chumba chao cha kulala.

Kila Jumamosi alikuja pale bila kutumwa na mtu. Siku hiyo aliwaomba wachore nyumba walizoziacha. Aliamini kwamba nyumba iliyochorwa haiwezi kuchomwa tena. Mimi niliandika nyuma ya kila karatasi jina la mama na la kijiji chake, kama alivyoniagiza. Sikujua kwamba kwa watu waliokimbia, anayekuja na kalamu na kuuliza jina na kijiji anaandikisha watu wa kupewa msaada, hasa bashi, yaani turubai la kujengea kibanda.

"Angalia ule, amechora hata mbuzi!" mama mmoja alimcheka jirani yake. "Unafikiri batakupa bashi ya mbuzi?"

Wakaangua kicheko. Aliyechekwa hakujali. Alisimama, akampa profesa karatasi: nyumba ya mabati, watoto sita mlangoni, na mbuzi.

"Papa, batoto bangu bote njo hawa. Sasa jetoni ya bashi utanipatia saa ngapi?"

Jetoni za kweli, vile vikadi vya kupokelea turubai, zilikuwa zinagawiwa asubuhi ileile kule parokiani. Yeye alikuwa ameacha nafasi yake kwenye foleni ya kule ili aje kwetu, kwa sababu kwetu watu walikuwa wachache.

Profesa alinitazama. Mimi nikatazama kalamu yangu.

"Mama, hapa hakuna jetoni. Tulikuwa tunachora tu."

"Tu?"

Hakupiga kelele. Alimfunga mtoto wake mdogo mgongoni, akatoka mbio kuelekea parokiani.

Profesa akaniwekea kipande cha mkaa mkononi.

"Endelea na akina mama."

"Niendelee na nini, Prof?"

Tayari alikuwa mlangoni. Alimfuata yule mama na ile karatasi, labda kumuombea nafasi kwenye foleni, labda kumuomba msamaha. Mpaka leo sijui. Akina mama wote waliobaki walinigeukia mimi, karatasi zao mkononi, na mlango ukajifunga nyuma ya profesa.