Njambi wa Langoni na Ikoni ya Mtakatifu Anna

Siku ile mjinga alikuwa Ephantus Kagwe, katekista wa Waorthodoksi wa Ruiru, na afadhali tuliseme mapema, maana mwenyewe alilikubali hadharani. Ilikuwa mwaka wa 1959, kanisa likijengwa upya, naye akasimama mbele ya waumini kupinga ikoni, yaani picha takatifu, aliyoiacha marehemu Idah Njambi isitundikwe ukutani. Sababu alikuwa nazo. Mtu aliyesoma hakosi sababu, kama vile kitanda cha kamba hakikosi kunguni. Lakini maisha ya mtu wa Mungu husimuliwa toka chanzo, basi tumwache Kagwe amesimama hapo kidogo, miguu imchoke.

Njambi alizaliwa Gatongora mwaka wa njaa kuu, reli ikiwa bado haijafika Thika. Aliolewa na Macharia, mtu mpole aliyecheka bila sauti, wakapendana hata majirani wakanung'unika. Mtoto hakuja. Na kwa desturi ya wakati huo, mwanamume hakupanda cheo katika baraza la wazee ila awe na mtoto wa kutahiri. Mwaka wa 1931 Macharia alichoka kukaa nyuma na vijana, akachukua mbuzi wake mnono akampeleka awe mchango wa kuingilia barazani. Mzee mmoja akampapasa yule mbuzi mgongoni, akauliza, "Mbuzi ni mzuri, Macharia. Lakini ni wa kumtahiri nani?" Wazee wakacheka. Macharia akageuka na mbuzi wake. Kesho yake alikusanya mifugo yote akateremka upande wa Ngoliba, kwenye nchi kavu, akamwachia mkewe neno moja tu: "Nitarudi."

Njambi akangoja. Alibatizwa mwaka wa 1938, akafanya kazi katika shamba la mkonge karibu na Thika, akimpikia fundi wa mitambo, Mgiriki. Mwaka wa 1949 fundi huyo aliugua malaria, naye Njambi akamuuguza kama mwanawe. Alipopona alifungua sanduku, akatoa ubao mweusi kwa moshi wa mishumaa. Ulikuwa ikoni aliyoachiwa na nyanya yake, iliyochorwa na watawa zaidi ya miaka mia tano iliyopita. Katikati alikuwa Mtakatifu Anna, mama yake Bikira Maria, na pembeni vijipicha vya kisa chake, kisa ambacho hakimo katika Biblia bali Wakristo wa kale walikipokezana kutoka kizazi hadi kizazi. Mgiriki akaeleza kwa Kiswahili chake cha shambani, kidole kikipita picha kwa picha: "Hii bwana, Joakimu. Hapana toto. Watu ya hekalu nakataa sadaka yake. Basi yeye nakwenda mbali, nakaa na mbuzi. Bibi yake, Anna, nabaki, nalia."

"Ngai!" akasema Njambi. "Huyu si Macharia?"

Picha ya mwisho ilionyesha Joakimu amerudi, na Anna amemkumbatia kwenye lango la mji. Njambi aliitazama hata chai ikapoa. Fundi aliporudi kwao alimwachia ubao ule.

Majaribu hayakukawia. Mwaka wa 1951 Kagwe aliingia nyumbani kwake kuongoza sala, akaiona picha ile ya lango. Hakuwahi kuona watakatifu wameshikana kiunoni. "Hii ni aibu!" akasema, akaipaka chokaa.

"Mwalimu," Njambi akamwuliza kwa upole, "kwani watoto wako waliletwa na posta?" Kisha akachukua kitambaa na mafuta ya mbarika, akaipangusa hata nyuso zikaonekana tena.

Hali ya Hatari ikaja, serikali ya kikoloni ikiwasaka wapigania uhuru wa msituni. Makanisa yetu yakafungwa, Kagwe akapelekwa kizuizini, na mwaka wa 1954 watu wakakusanywa katika kijiji kilichozungukwa na handaki, lango likiwa moja tu. Kila jioni, akitoka kwenye kazi ya lazima, Njambi alisimama karibu na lango hilo mpaka lifungwe, akiitazama barabara ya kutoka Thika. Watoto walimcheka. Mwaka uliofuata aliingia kwa lango hilo mwanamke wa Kikamba, Kamene, akiwa na habari kutoka Ngoliba: Macharia alifia nyumbani kwa baba yake Kamene zamani, mwaka wa ukame. Hakuoa tena. Alikuwa akisema akipata nguvu atarudi.

Njambi akauliza, "Alikuwa anakula?"

"Alikuwa anakula, mama."

Akamkumbatia Kamene, akampa pa kulala, na Kamene akakaa naye mpaka mwisho. Kesho yake jioni Njambi alikwenda langoni. "Mama, sasa unamngoja nani?" Kamene akamwuliza. "Sijui," akajibu. "Lakini mikono imezoea kungoja."

Ndipo tulipouona wito wake. Mwaka wa 1956 watu walianza kurudi kutoka kizuizini, na jamaa zao waliogopa kuwakimbilia mbele ya askari. Njambi hakuogopa. Aliwakumbatia mmoja mmoja. Askari akamfokea, "Wewe, huyu ni mtoto wako?" Akajibu, "Nimeulizwa habari za mtoto miaka ishirini na tano. Leo andika ni wangu." Inakumbukwa kwamba mtu mmoja, bubu tangu kambini, aliomba maji akiwa mikononi mwake.

Kagwe alirudi mwaka wa 1957. Mkewe alikuwa amekufa, nduguze walijifungia ndani. Alisimama langoni na kifurushi chake kama mgeni aliyekosea mji. Njambi akamkumbatia. "Karibu nyumbani, Mwalimu," akamnong'oneza. "Leo chokaa imekwisha." Yule mtu mzima akalia hata shuka ya Njambi ikalowa begani, Kamene akiwa kando na kibuyu cha uji.

Njambi alilala katika Bwana wakati wa Kwaresima, 1959. Nasi tumuige: tusipompata yule tunayemtamani tusikunje mikono, maana barabarani daima kuna mtu anayekuja.

Sasa turudi kwa Kagwe, maana miguu imeshamchoka. Padri alitazamiwa kuja kulibariki kanisa, naye katekista aliogopa tusionekane washamba tukafungiwa tena. "Ndugu," akasema, "marehemu nampenda kuliko nyinyi nyote. Lakini Joakimu na Anna kukumbatiana langoni hakuko kwa Mathayo, hakuko kwa Luka. Padri akiuliza kumeandikwa wapi, nitamjibu nini?"

Kamene akainuka kutoka upande wa akina mama.

"Na wewe kulia begani kwa Njambi pale langoni, Mwalimu, kumeandikwa wapi? Ama hukulia?"