Sindano ya Mabibi Harusi

Mungu alinipa macho makubwa na meno mazuri, lakini nyusi alininyima. Kwenye picha za shule uso wangu ulionekana kama yai. Nililalamika tangu utotoni, kwanza Bukavu nilikozaliwa, halafu Kamembe tuliporudi baada ya mauaji ya kimbari, kwenye nchi ambayo wazazi walisema ni yetu na sisi watoto tuliijua kwa kuitazama tu ng'ambo ya ziwa. Baba alibaki Congo, alikufa katika vita vya kwanza vya huko. Kwa hiyo nilipochumbiwa, mtu wa kunisindikiza hakuwepo, lakini niliapa kwamba nyusi zitakuwepo. Nitachanjwa.

Sisi tuliotoka ng'ambo tulikuwa na desturi yetu. Siku chache kabla ya harusi huitwa mama mchanjaji, mwenye sindano tatu alizozifunga pamoja kwa uzi kwenye kijiti. Huchanganya rangi nyeusi ya nywele kwenye kisahani, kisha huchoma ngozi polepole mpaka nyusi itokee, nyusi isiyofutika kwa maji wala jasho. Mama mzazi hupita kwanza, kwa heshima. Bibi harusi hufuata papo hapo, kwa sindano ileile, kabla haijakauka. Ilisemekana ndivyo mama anavyompa binti ndoa yake. Tena sindano ilipendwa kadiri ilivyokuwa kuukuu, maana mpya ilikuwa haijaozesha mtu.

Mchanjaji wetu alivuka kutoka Bukavu siku mpaka ulipofunguliwa, kwa sababu miaka ile vita vya Congo vilikuwa havijaisha na mpaka ulifungwa na kufunguliwa bila sisi kuelezwa lolote. Tulimkaribisha kama mgeni wa kanisa. Majirani walijaa sebuleni. Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, ndiye aliyesimamia kila kitu. Nyusi zake alichanjwa ujanani na sasa zilikuwa zimegeuka kijani, moja imepanda juu kuliko nyingine kwa sababu jicho lilimvimba wiki nzima na kovu likabaki. Hakuna aliyeliona hilo kama onyo. Mimi mwenyewe niliona ni alama ya mwanamke aliyeolewa sawasawa.

Maman, mama yangu mzazi, peke yake ndiye aliyekuwa na maswali.

"Maman, hii sindano unaichemshaka?" akamuuliza mchanjaji.

"Naipangusaka na ndimu," mchanjaji akajibu. "Ilishapita kwa mabibi harusi wengi kule Bukavu. Hakuna hata mumoja bwana alimufukuza."

"Hauna ingine, ya mupya?"

Wanawake wakacheka. "Mupya itajua nini?" mmoja akasema, na mimi nikacheka nao. Mimi hasira zangu haziko mbali. Niliona Maman ananiharibia siku.

"Basi mutoto aanze," Maman akasema. "Mimi nitakuwa wa mwisho. Ao muniache kabisa, uso yangu ni ya zamani."

Shangazi akamgeukia. "Mutoto apite mbele ya mama yake? Unataka batu baseme nini? Keti, Maman."

Maman hakuketi. Alisimama pale akisokota ncha ya kitenge chake, akimtazama shangazi, akinitazama mimi, akiitazama ile sindano. Nami nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Maman, ndoa yangu unaikatalia?"

Hapo akaketi. Mchanjaji akamshika kichwa, akachovya sindano kwenye rangi, akainua mkono. Maman akamkamata kiganja.

"Niko na SIDA," akasema.

SIDA, ndivyo tulivyouita ukimwi, na siku zile neno hilo halikutamkwa sebuleni. Hakulia. Alikuwa bado ameushika ule mkono, akaongeza, "Mutoto yangu anafuata. Hii sindano haiwezi kupita kwangu ikaenda kwake."

Ndipo nilipoelewa safari zake za kijijini Gashonga. Kila mwezi aliaga kwamba anaenda kutazama mihogo yetu, na kila mwezi alirudi bila hata muhogo mmoja. Nilikuwa nikimtania kwamba ana mchumba huko. Kumbe alikuwa anaenda kwa daktari, mbali na macho ya Kamembe. Angeweza kunyamaza. Angepata nyusi nzuri na kubaki mama wa bibi harusi, na hakuna mtu ambaye angejua nilipata wapi ugonjwa wangu.

Shangazi aliuliza swali moja tu. "Na kaka yangu?"

"Sijui," Maman akasema. "Alikufa mbele hatujapima."

Shangazi akamwambia mchanjaji afunge vyombo vyake, na alipoona yule mama anasita, akamfungia mwenyewe. Majirani wakatawanyika. Mmoja alikumbuka maharage yake jikoni, mwingine alisikia mtoto akilia, mtoto ambaye hakuna mwingine aliyemsikia. Waliagana na mimi kwa mkono. Maman hawakumpa mkono.

Harusi ilifanyika. Baadaye dawa zilifika mpaka kwetu, na Maman aliishi akabeba wajukuu. Lakini alasiri ile hatukujua lolote kati ya hayo. Nilijua tu kwamba nampenda mno na kwamba nataka kumpiga mtu.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, ameketi kwenye beseni lililopinduliwa. Nikaketi chini karibu naye.

"Uko na hasira?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Juu yangu?"

"Juu ya batu bote. Wewe hapana."

Akatabasamu kidogo. Akanitazama usoni kwa muda, akaona vinyweleo vyangu vichache vimesimama ovyo kwa jasho, na akafanya alivyokuwa akifanya kila Jumapili nilipokuwa mdogo, kabla hatujaingia kanisani: akalowesha kidole gumba kwa mate, akakinyoosha kuja kunilaza nyusi. Kidole kikasimama hewani. Akakitazama, akakirudisha haraka, akaanza kukifuta kwenye kitenge, akifuta na kufuta.

Nikamshika ule mkono. Alivuta, nami nikavuta, na mimi nilikuwa na nguvu zaidi. Nikauleta usoni kwangu, nikapitisha kidole chake kilicholowa juu ya nyusi moja, kisha juu ya nyingine.