Plagi ya Baba

Juzi hapa Mutsamudu nilimwona mtu akisafisha mashine ya kukatia nyasi, na ile harufu ya petroli na majani mabichi ikanirudisha utotoni, Moroni. Kisiwa chetu hiki cha Nzwani kilikuwa kimejitenga na serikali ya Moroni, nasi wenyeji wake tulikuwa tukifukuzwa mjini humo. Siku ya kuondoka, baba, mtunza bustani, alichomoa plagi ya kuwashia injini, akailaza mashine ubavu, akakwangua majani kwenye kisu, taratibu.

"Fanya haraka!" tajiri wake alifoka barazani. "Meli yenu inaondoka. Hatuwataki hapa!"

"Namalizia, bwana," baba alijibu, akikipaka kisu mafuta.

Nilimwona mwoga, nikamchukia. Kumbe plagi aliitia mfukoni. Niliikuta sandukuni mwake baada ya kumzika. Natumaini yule tajiri aliivuta kamba ya kuwashia mpaka bega likamteguka.