Mota Isiyo na Lebo

Mume wangu akiletewa chai hunusa kwanza. Si kwamba namwekea kitu. Nimeshamwambia kwamba ningetaka kumuua ningemuua tukiwa wachumba, kabla sijamzoea. Anacheka, halafu ananusa. Muuza nyanya akimwongeza moja ya bure, anaikataa, maana lazima imeoza ndani. Mtaani wanamwita Bwana Hakikisha. Jina analipenda, ila anashuku kuna kitu nyuma yake.

Kazi yake ni kutunza bwawa la kuogelea kwenye nyumba ya wageni ya mwalimu mmoja mstaafu, mama mkali mwenye sauti ya darasani hadi leo. Sisi tunakaa chumba cha nyuma, tunatenganishwa kwa ukuta mmoja tu na kijumba cha pampu, kwa hiyo mlio wa pampu ndio redio yetu. Mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wa mama yetu, ndiye mtunza bustani hapo hapo. Kazi hiyo nilimwombea mimi. Alikuwa amekaa muda mrefu akihangaika, mkewe ni mjamzito na siku zake zimekaribia, na Mwalimu alimpokea kwa kuniheshimu mimi.

Sasa, mume wangu ana tabia moja ambayo sijaiona kwa mtu mwingine yeyote. Kifaa chochote kikiingia mikononi mwake, anabandua lebo. Pasi, feni, jiko la gesi, mota ya pampu, vyote. Anasema mwizi husoma lebo kabla ya kuiba, na fundi tapeli husoma lebo ili ajue abadilishe nini ndani. Akishabandua anapaka rangi ya kijani iliyobaki tulipopaka geti. Tuna feni ya kijani na pasi ya kijani, na wageni wakiuliza nasema ndivyo zilivyokuja.

Mota ya zamani ya bwawa ilikufa kwa uzee. Beringi zililia wiki nzima, kisha kimya. Mume wangu akaifungua akaibeba mwenyewe begani hadi dukani, hakumwachia mtu. Kila kinachoonekana kwa macho alikikagua: matundu ya boliti yalingane, nyuzi za skrubu kwenye shafti zilingane, umeme uwe uleule. Muuza duka akamuuliza nguvu ngapi, akajibu hospawa moja, maana namba hiyo aliikumbuka vizuri kabisa kwenye ile lebo aliyoibandua. Akapewa mota mpya, hospawa moja. Ilipofungwa ilikaa barabara. Lebo yake nayo ikabanduliwa siku hiyo hiyo.

Haikuchukua muda vituko vikaanza. Mota inazunguka vizuri, inapata joto mpaka huwezi kuiwekea kiganja, inazima. Ikipoa inajiwasha yenyewe, inazunguka kidogo, inazima tena. Maji ya bwawa yakaanza kuwa na ukungu, wageni wakawa wanakaa ukingoni wanachovya vidole vya miguu tu. Mwalimu akaja akasimama pale, mikono kiunoni.

"Mota mpya inazimaje?" akauliza. "Kuna mtu anachezea vitu hapa. Jumamosi nataka kumjua, na huyo mtu ataondoka."

Mume wangu alikuwa na jibu tayari. Aliniambia tukiwa chumbani, kwa sauti ya chini, huku akitazama ukuta kana kwamba nao una masikio.

"Ni shemeji. Anafunga koki ya bwawa apate presha ya kumwagilia maua. Pampu inakosa maji, mota inaungua."

"Umemwona?"

"Sijamwona. Ndiyo maana namshuku. Mtu asiye na la kuficha anaonekana."

Akachukua unga wangu wa kupikia, akaunyunyiza mlangoni mwa kijumba cha pampu ili amnase mtu kwa nyayo. Asubuhi tukakuta alama za ndala. Akaniita kwa furaha nije nione. Nikamwambia anyanyue mguu wake. Ndala ilikuwa yake. Alikuwa amepita pale alfajiri kuhakikisha kama unga bado upo.

Hapo nikapandwa na hasira. Nilimwambia mtoto wa watu ana mke anayekaribia kujifungua, akifukuzwa atakwenda wapi, na mama yetu nitamtazama kwa uso gani. Nikamtaka aniahidi kwamba hatamtaja ndugu yangu kwa Mwalimu mpaka mota iangaliwe na mtu anayejua. Akanitazama machoni.

"Naapa simtaji," akasema.

Nilimwamini. Mwanamume huyu ana kasoro zake, lakini uongo sijawahi kumshika nao, na moyo wangu ukatulia.

Tukaenda kwa Mama Koili, ambaye kazi yake ni kusuka upya nyaya za mota zilizoungua. Kibanda chake kimejaa nyaya za shaba na kinanuka vanishi. Tulimpelekea mota zote mbili, ile iliyokufa na hii mpya, pamoja na impela, yaani ile feni ya plastiki inayokaa ndani ya pampu na kusukuma maji. Mume wangu alisimama akimlinda asije akachomoa kitu.

"Lebo zake ziko wapi?" Mama Koili akauliza.

"Nilizibandua."

"Kwa nini?"

"Usalama."

Mama Koili akamtazama kidogo, kisha akanitazama mimi. Nikatazama chini. Akasema, "Haya, nyanyua hii. Sasa nyanyua hii." Ile ya zamani ilikuwa nzito kuliko mpya, na alipozifungua, hata waya wake wa shaba ulikuwa mnene zaidi.

"Zote ni hospawa moja," mume wangu akasema.

"Ndiyo, lebo zilisema moja. Lakini pembeni ya hiyo moja huwa kuna namba nyingine ndogo, na lazima uzizidishe. Ya zamani ilikuwa inabeba kama moja na nusu na ushei. Hii mpya haifiki moja na robo. Na hii impela yako," akaigeuza kuonyesha namba iliyopigwa mgongoni, "inataka ule mzigo wa zamani. Mnamtwika mtoto gunia la mtu mzima. Kwa nini isizime?"

"Kwa hiyo hakuna aliyefunga koki?" nikauliza.

"Koki gani tena, mama? Rudisheni hii dukani mkachukue yenye nguvu. Na mpira wa kuzuia maji mwekeni mpya, msirudishe wa zamani."

Muuza duka alinung'unika lakini akabadilisha. Mota yenye nguvu ikafungwa, ikanguruma, haikuzima. Ijumaa jioni maji yalianza kung'aa tena. Nilifurahi hadi nikamshika mume wangu mkono mbele za watu, kitu ambacho sifanyi. Tukaenda pamoja kumweleza Mwalimu kwamba hakuna mtu aliyechezea kitu, ilikuwa ni mota kutolingana na pampu.

Mwalimu akashusha pumzi. "Afadhali. Maana kesho nilikuwa namwachisha kazi mdogo wako. Mumeo aliniletea jina lake Jumatatu."

Kiapo nilikipata Jumatano.

Tulirudi chumbani, nikafunga mlango. Ndipo nikamuuliza.

"Niliapa simtaji," akasema. "Tangu niape sijamtaja."

Alisema hivyo akiwa ametulia kabisa, kama mtu aliyelipa nauli yake. Niliumia kuliko kama angenipiga.

Mdogo wangu hajui hadi leo. Mkewe amejifungua mtoto wa kike, na wamemwomba mume wangu ndiye achague jina, kwa vile alihangaika sana kunusuru kazi za watu pale. Mume wangu akakubali. Nami nilikuwepo, nikapiga makofi na wengine.

Jana aliniambia anakwenda kununua dawa ya maji ya bwawa. Nikaitikia, nikamtakia safari njema. Alipotoka getini nikaweka mwiko chini, nikajitanda khanga, nikamfuata kwa mbali. Aliingia dukani, akainunua dawa, akatoka nayo mkononi. Nilimwona kwa macho yangu, na bado sikuamini.